3/4 na 4/5, ipi kubwa? Kwa nini somo la Kijapani likihamishwa linafia njiani

#1 Chaki_Nyeupe
Wakuu, salaam. Kuna dai linazunguka sana kwenye semina za walimu: "Japani wanafaulu hisabati kwa sababu mwalimu haelezi, anauliza swali na kuwaacha watoto wagundue wenyewe." Watu wanarudi darasani, wanauliza swali, watoto wanawatazama, kengele inalia. Mimi nadai kilichoigwa ni ganda tu. Somo la Kijapani limefungwa kwa mpangilio mkali kuliko la mwalimu anayeongea mwanzo mwisho.

Chukua swali la darasa la tano: 3/4 na 4/5, ipi kubwa? Kipindi cha shule ya msingi kule ni dakika 45. Kama 5 za mwanzo ni za kulielewa swali. Kumi zinazofuata kila mtoto anahangaika peke yake kwenye daftari. Ishirini au zaidi ni mjadala wa darasa zima, wanaouita neriage, yaani kukanda, kama unavyokanda unga. Zinazobaki ni matome, hitimisho linaloandikwa.

Zile dakika 10 za daftari ndizo zinazobeba somo. Mwalimu anapita kati ya madawati, lakini hasahihishi. Ameshika mchoro wa viti, anaandika nani katumia njia ipi. Na njia zenyewe alishazitabiri kwenye andalio la somo:

(a) "Ni sawa, zote zimepungukiwa kipande kimoja."
(b) Mtoto kachora mistatili miwili, kaikata, analinganisha kwa macho.
(c) 15/20 na 16/20.
(d) Iliyopungua ni 1/4 na 1/5. 1/5 ni ndogo, kwa hiyo 4/5 imepungukiwa kidogo zaidi.
(e) 0.75 na 0.8.

Kisha anachagua nani aje ubaoni na kwa mfuatano upi. Kwa kawaida huanza na (b), anapita (a) ili darasa liibishe, ndipo (c) na (d). Akiita wanaonyoosha mikono tu, wa kwanza ataleta (c), wengine watafunga madaftari. Ndipo mjadala unapofia.

#2 Bi_Hesabu
Umesahau ubao, mkuu. Kuna fani nzima inaitwa bansho. Ubao haufutwi kipindi kizima: kushoto swali, katikati njia za wanafunzi zikiwa sambamba na majina yao, kulia hitimisho. Mwisho wa somo mtoto anaona safari yote kwa mtazamo mmoja. Mwalimu huuchora kwanza kwenye karatasi, ajue kila kitu kitakaa wapi.

Kosa la waigaji ni kufuta njia ya kwanza ili ya pili ipate nafasi. Ukishafuta, hakuna cha kulinganisha, na kulinganisha ndiko somo lenyewe. Ubao ukiwa mdogo, njia mbili zinatosha. Na projekta zimeharibu hili zaidi: ukurasa mpya unameza wa zamani.

#3 Darasa_la_Nyuma
Gazeti zuri. Swali moja tu: mtoto ambaye hata 3/4 hajui ni nini, dakika 10 anafanya nini? Anachora paka?

#4 Mzee_wa_Rula
#3 umegonga penyewe. Kumbukumbu ya kazi ya binadamu, yaani anachoweza kushikilia akilini papo hapo anapofikiri, ni finyu. Mwanasaikolojia wa elimu John Sweller alianza kuandika haya mwaka 1988: mgeni wa jambo akipewa tatizo bila mwongozo, nguvu zote zinaishia kutafuta njia, hakibaki kitu cha kujifunzia. Mgeni anahitaji mfano uliokwisha kufanywa, hatua kwa hatua.

Swali hilohilo kwa ufundishaji wa moja kwa moja linakwenda hivi. Dakika 5, marudio: vigawe vya 4, vigawe vya 5, darasa zima kwa sauti moja baada ya ishara ya mwalimu. Ishara ni lazima, bila hiyo werevu wanajibu na wengine wanadandia. Kisha mfano mmoja ubaoni: tafuta kigawe kidogo cha shirika, badili zote mbili, linganisha viasi (namba za juu). Wa pili unaufanya pamoja nao. Wa tatu wanaandika kwenye vibao vidogo na kuvinyanyua kwa pamoja, unaona darasa zima kwa sekunde tatu. Wakipata kama asilimia 80, songa mbele. Chini ya hapo, rudia kwa mfano mwingine, si kwa kupaza sauti zaidi.

Na Engelmann, aliyeasisi mtindo wa maandishi kamili ya somo kule Marekani, aliweka jambo jipya kiasi kidogo tu kwa kila kipindi, kama asilimia 10 hadi 15. Kinachobaki ni kukazia ya jana na juzi. Wengi hujaza kipindi kizima kwa jambo jipya, halafu wanalaumu njia.

#5 Chaki_Nyeupe
Mzee, sikubishii kuhusu mgeni wa jambo. Ila huyo wa darasa la tano Japani si mgeni. Jedwali la kuzidisha, kuku kwa Kijapani (si ndege jamani), analiimba na kulihifadhi darasa la pili. Sehemu zenye asili (namba ya chini) moja ameshazimaliza madarasa ya chini. Swali la leo limepimwa: liko hatua moja mbele ya anachojua. Anayeona mjadala bila kuona kukariri kulikoutangulia ameona nusu ya picha.

Halafu njia yako ina shimo. Mtoto wako atapata jibu la 3/4 na 4/5, na bado ataamini (a) moyoni. Mpe 3/5 na 5/8 bila kumwambia abadili asili. Atasema 3/5 ni kubwa kwa sababu imepungukiwa vipande 2 na ile 3.

#6 Darasa_la_Nyuma
Kuku 🐔 nimecheka peke yangu.

#7 Mzee_wa_Rula
Hilo shimo linazibwa kwa kuchagua mifano, si kwa mjadala. Weka mfano unaovunja (a) mapema: 1/2 na 99/100, zote zimepungukiwa kimoja. Sekunde 20, imani imevunjika.

#8 Kipima_Pembe
Mnabishana kuhusu nani aongee. Singapore waliuliza mtoto ashike nini. Wana ngazi tatu: kitu cha mkononi, mchoro, alama. Kwa swali hili mpe kila mtoto vipande viwili vya karatasi vya sentimeta 20. Kimoja akikate kila sm 5, kingine kila sm 4. Apake rangi 3/4 ya cha kwanza na 4/5 ya cha pili. Atapata sm 15 na sm 16. Asili ya shirika, 20, imejileta yenyewe kupitia rula.

Usimwambie akunje. Nusu na robo zinakunjika, tano haikunjiki sawa, na vipande visipolingana mchoro unasema uongo. Ndiyo maana (b) ya Chaki_Nyeupe ni hatari: 3/4 na 4/5 zimepishana 1/20 tu, mkono wa mtoto unakosea zaidi ya hapo.

Baada ya karatasi ndipo mchoro wa miraba mirefu, ulioandaliwa na timu ya wizara ya elimu yao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfano: Asha ana shanga mara 3 ya za Juma, jumla 48. Chora mraba mmoja kwa Juma, mitatu inayolingana kwa Asha. Minne ni 48, mmoja ni 12, Asha ana 36. Aljebra bila herufi.

Linaloharibika: mtoto anachora miraba baada ya kupata jibu, kama pambo. Dawa ni kumpa mchoro bila hadithi, atunge hadithi.

#9 Bi_Hesabu
#8 safi, ila angalia lugha. Umeandika "mara 3 ya". Vitabu vingi vya Kiswahili huandika "mara tatu zaidi ya", na hapo darasa linagawanyika: wengine wanachora miraba mitatu, wengine minne, na wote wana hoja. Tatizo si hisabati, ni neno "zaidi". Anayetafsiri maswali ya Singapore alione hilo kwanza.

#10 Kombo_Tarakimu
Lugha, ndiyo mmefika nilikokuwa nawasubiri. Kijapani 3/4 husomwa "yon bun no san", maana yake katika mafungu manne, matatu. Asili inatajwa kwanza, na neno "fungu" limo ndani. Kichina na Kikorea hivyohivyo. Sisi darasani husema "tatu juu ya nne": namba mbili zimepandana, hakuna fungu. Si ajabu mtoto anatoa 4 − 3 na kusema imebaki moja. Kosa (a) limo kwenye usomaji.

Kiswahili kina njia nzuri zaidi, "robo tatu". Robo ndiyo kitu, tatu ndiyo idadi. Lakini ukifika kwenye tano unahitaji "humusi nne", na humusi nani analisema leo nje ya kamusi?

Namba zenyewe pia. Kumi na moja hadi kumi na tisa ziko wazi kabisa, kumi linaonekana. Halafu ishirini, thelathini, arobaini, zote za Kiarabu, kumi limefichwa. Kijapani 20 ni mbili-kumi. Kijerumani 21 ni "moja na ishirini", watoto wanaandika 12. Kifaransa cha Ufaransa 92 ni "ishirini mara nne, kumi-na-mbili". Mnatafuta njia ya kufundisha, tofauti inaanzia kabla ya shule.

#11 Mzee_wa_Rula
Kombo, nadharia tamu ila ina mwiba. Kiwelisi cha kisasa, lugha ya Wales, huhesabu kama Kijapani, 11 ni kumi-moja-moja. PISA (mtihani wa kimataifa wa watoto wa miaka 15) 2022 hisabati: Wales 466, ya chini kuliko sehemu nyingine zote za Uingereza. England 492.

#12 Kombo_Tarakimu
Watoto wengi wa Wales husoma kwa Kiingereza, mzee. Mfano wako unapima kitu kingine.

#13 Mtaala_Mpana
Habari zenu. Naona hamjamtaja Finland, ajabu kwa uzi wa elimu. Kule shule inaanza miaka 7, mwalimu ana shahada ya uzamili, hakuna mkaguzi, hakuna mtihani wa taifa hadi mwisho wa sekondari ya juu. PISA 2006 hisabati walipata 548, Japani 523. Hakuna kukanda unga wala vibao. Uhuru wa mwalimu, basi.

#14 Kipima_Pembe
#13 umechagua mwaka. Malizia safu: 541 mwaka 2009, 519 mwaka 2012, 511, 507, kisha 484 mwaka 2022. Japani 2022 ni 536, Singapore 575.

#15 Bi_Hesabu
Na kuna jambo la tarehe. Mtoto wa miaka 15 aliyefanya PISA 2000 alianza shule mwaka 1991. Mageuzi ya shule ya pamoja Finland yalianza Lapland 1972 na kufika eneo la Helsinki 1977. Miaka ile mtaala ulitoka katikati, vitabu vilipitiwa na serikali kabla ya kutumika, wakaguzi walikuwepo. Ukaguzi na uidhinishaji wa vitabu vilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo walimu waliowafundisha washindi wa 2000 na 2006 wengi walikomaa kwenye mfumo ule wenye hatamu. Sifa apewe nani, uhuru au hatamu?

Wanaosema Finland imeshuka kwa sababu ya masomo ya kuunganisha mada nao wasubiri. Mtaala huo ulianza kutumika 2016, na alama zilishaanza kuteremka kabla.

#16 Mtaala_Mpana
Sawa, nakubali kuhusu tarehe. Lakini shahada ya uzamili imebaki tangu 1979 na alama zimeshuka. Kwa hiyo hata hatamu haielezi yote.

#17 Ukumbi_wa_Walimu
Wakuu, chanzo cha dai la #1 ni video za TIMSS (utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi) za 1995, masomo 231 ya darasa la nane: 100 Ujerumani, 81 Marekani, 50 Japani. Japani walionekana kufundisha tofauti kabisa, dunia ikakimbilia hapo. Wachache wanakumbuka awamu ya 1999, masomo 638 katika nchi saba. Hong Kong nao walikuwa juu sana kwa alama, lakini madarasa yao yalikuwa ya mwalimu kuongoza na mazoezi mengi ya hatua zilizozoeleka. Karibu na anachoeleza Mzee_wa_Rula. Nchi za juu hazikuwa na mtindo mmoja.

Kwa maoni yangu siri ni ratiba, ndiyo maana haionekani kwenye video. England ilipoanza kubadilishana walimu na Shanghai mwaka 2014, walikuta mwalimu wa msingi anafundisha hisabati tu, kama vipindi viwili kwa siku, kila kimoja dakika 35. Muda unaobaki anasahihisha na kuwaita walioteleza siku hiyohiyo, kabla kosa halijalala. Mwalimu wa msingi England anashika darasa moja masomo karibu yote, kutwa. Walichukua vitabu na mtindo wa somo; ratiba ilibaki Shanghai.

#18 Darasa_la_Nyuma
Kwa hiyo Wajapani nao wana muda? Mbona husemwa wanafanya kazi mpaka usiku?

#19 Ukumbi_wa_Walimu
Vyote viwili ni kweli. Utafiti wa kimataifa wa walimu, TALIS 2018: mwalimu wa sekondari ya chini Japani alifanya kazi saa 56 kwa wiki, juu kuliko nchi zote zilizoshiriki, lakini saa za kufundisha ni 18 tu. Kubwa linalokula muda ni vilabu vya michezo na makaratasi. Hata hivyo humo ndimo wanapopata nafasi ya kuchunguza somo kwa pamoja.

Na hapa waigaji huharibu zaidi, kwa hiyo niweke hatua:

Kikundi cha walimu 4 hadi 6 kinachagua lengo moja, mfano "watoto waeleze sababu, si jibu tu". Kisha wanasoma mada yenyewe kwa wiki kadhaa, kyozai kenkyu: vitabu tofauti vinaanzaje, mtoto alijua nini darasa la tatu, kwa nini 3/4 na 4/5 na si 2/3 na 3/4. Wanaandika andalio lenye safu: shughuli, majibu yanayotarajiwa, mwalimu atafanya nini jibu hilo likitokea, ataangalia nini kujua wameelewa. Mmoja anafundisha, wengine wanasimama pembeni na daftari bila kumsaidia mtoto yeyote. Baadaye kikao: aliyefundisha anasema kwanza, waangalizi wanaleta walichokiona ("dawati la dirishani alifuta mara tatu kabla ya kuchora"), mgeni mjuzi anafunga.

Likihamishwa, hatua ya kusoma mada ndiyo hukatwa kwanza kwa sababu haina picha ya kupiga. Pili, mkuu wa shule anakuja na fomu ya alama, tayari limegeuka ukaguzi. Mwalimu anayepimwa hafundishi somo lenye hatari, anafundisha la maonyesho alilokwisha kulifanyia mazoezi na watoto walewale.

#20 Mzee_wa_Rula
Hii #19 nimeihifadhi. Lakini mnaruka jambo kubwa: juku. Masomo ya ziada ya kulipia baada ya shule. Mtoto aliyefundishwa kigawe cha shirika jioni, asubuhi "anagundua". Video haikurekodi jioni.

#21 Chaki_Nyeupe
Ipo hoja, mzee. Ila kwa mwalimu wa asubuhi huyo mtoto ni tatizo, si msaada. Anasema "15 na 16, tumemaliza" dakika ya pili. Mbinu yao ni kumwachia jibu lake na kumuuliza: kwa nini 20 na si 9? Mwenye fomula tupu hukwama hapo, na mwenye (d) anachukua nafasi. Ndiyo maana swali huchaguliwa lenye njia fupi kuliko fomula.

#22 Kombo_Tarakimu
Kuna mtafiti, Manu Kapur, alifanya majaribio katika shule za Singapore: watoto wahangaike kwanza na tatizo lililopangwa, washindwe, *kisha* mwalimu aeleze kikamilifu. Walishika dhana vizuri kuliko walioelezwa kwanza, na hesabu za kawaida hawakuachwa nyuma. Maelezo yakikosekana mwishoni, faida inapotea. Kwa hiyo Mzee na Chaki mnaweza kuwa mnabishana kuhusu mpangilio wa vitu vilevile.

#23 Mzee_wa_Rula
Usitupatanishe haraka hivyo. Kwa dhana kubwa, labda. Kwa kumfundisha mtoto kusoma silabi, au hatua za kugawanya kwa njia ndefu, uhangaike nini? Marekani walijaribu njia nyingi kwa pamoja kwenye mradi wa Follow Through, ulioanza 1968. Matokeo ya 1977 yaliuweka ufundishaji wa moja kwa moja juu kwa stadi za msingi.

#24 Bi_Hesabu
Malizia na wewe: wakosoaji walionyesha kuwa mahali na mahali palipotumia njia ileile palipishana kuliko njia na njia zilivyopishana. Yaani ukijua jina la njia bado hujui darasa litatoka vipi.

#25 Darasa_la_Nyuma
Turudi duniani. Darasa la watoto 60, ubao mmoja, vibao vidogo hakuna. Nifanye ipi?

#26 Chaki_Nyeupe
Kwa 60 sahau mchoro wa viti wa watu wote. Chagua safu mbili, watoto kama 16, waangalie hao tu leo, kesho safu nyingine. Kazi ya daftari dakika 6, si 10. Kelele huanza ya saba. Njia mbili ubaoni, (a) na (d). Mjadala ufanyike kwanza wawili wawili kwenye dawati, dakika 2, ndipo uite mmoja kwa jina. Baada ya kuuliza, hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kuita. Mary Budd Rowe alipima miaka ya 1970: walimu wengi husubiri kama sekunde moja, na wakifikisha tatu majibu yanarefuka.

Funga kwa 7/8 na 8/9 kwenye daftari, halafu 3/5 na 5/8 ya kuondoka nayo. Hii ya pili itakuambia nani bado ana (a).

#27 Mzee_wa_Rula
Kwa 60 mimi nafanya sauti moja na vidole. "Kubwa ni ya kwanza, nyanyua kidole kimoja, ya pili, viwili, sawa, ngumi." Mkono uwe kifuani, jirani asione. Vibao hatuhitaji, na naona 60 wote, si 16.

#28 Chaki_Nyeupe
Hiyo ya ngumi naichukua. Nitaiweka kabla ya daftari, nione (a) wako wangapi.

#29 Ukumbi_wa_Walimu
Kipima_Pembe, bado nina shida na vipande vyako vya sm 20. Umechagua 20, umeshampa mtoto jibu. Mpe sm 30: robo ni 7.5, humusi ni 6, atapata 22.5 na 24. Anaona ipi kubwa, lakini asili ya shirika bado inabidi aitafute.

#30 Kipima_Pembe
Ukimpa 7.5 darasa la tano unafundisha desimali bila kukusudia. Sm 40 basi: 10 na 8, anapata 30 na 32. Anaona asili ya shirika ziko nyingi, si 20 peke yake.

#31 Darasa_la_Nyuma
Rula yenyewe ina sm 30.